Scott Joplin na Magombo ya Piano

Rafiki zangu hushangaa kuniona mimi, nisiye na piano nyumbani, nikikusanya vitabu vya marejeo juu ya magombo ya piano. Nitawajibu kwa kueleza maisha ya mtu mmoja, Scott Joplin wa Marekani.

Joplin alizaliwa mwaka 1867 au 1868, upande wa kaskazini mashariki wa Texas. Baba yake, Giles, alizaliwa mtumwa. Mama yake, Florence, alifanya usafi katika nyumba za Wazungu, na humo mtoto alipata kugusa piano. Mwalimu Mjerumani, Julius Weiss, alikiona kipawa chake akamfundisha. Alipokuwa kijana alitembea miji mingi akipiga piano, hata akafika Sedalia, Missouri. Mwaka 1899 John Stark alimchapishia Maple Leaf Rag kwa mapatano ya senti moja kila nakala, na sifa zake zikaenea.

Lakini Joplin alitamani kazi kubwa zaidi. Opera yake ya mwaka 1903, A Guest of Honor, imepotea, na mpaka leo maandishi yake hayajaonekana. Ya pili, Treemonisha, inasimulia habari za binti Mweusi anayewaongoza watu wake kwa elimu. Aliichapisha kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1911, lakini hakuona ikifanikiwa. Alikufa hospitalini New York tarehe 1 Aprili 1917, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Kaburi hilo liliwekwa alama mwaka 1974, na mwaka 1976 alipewa tuzo ya Pulitzer.

Hakuna santuri yake inayojulikana. Kilichobaki ni magombo saba aliyoyapiga mwaka 1916. Gombo ni karatasi ndefu yenye matundu. Hewa ipitapo katika tundu, mtambo huishusha kibao cha piano kama kidole cha mtu. Lakini mafundi waliweza kuongeza matundu au kusahihisha makosa. Tena magombo mengi ya nyimbo zake yalitobolewa na mafundi kwa kufuata muziki ulioandikwa, wala yeye hakuyapiga. Je, kwa sikio tu utayatambuaje? Hapo ndipo kitabu kinapofaa.

Mwaka huo Maple Leaf Rag aliipiga kwa kampuni mbili, na katika gombo moja vidole vinasitasita. Asiye na kitabu atasema mtu huyu hakujua piano. Mwenye kitabu ataona mwaka, atajua kwamba alikuwa mgonjwa na amebakiwa na muda usiotimia mwaka mmoja.

Gombo lake la Pleasant Moments lilidhaniwa limepotea kabisa, hata mwaka 2006 mkusanyaji mmoja wa New Zealand alipolipata. Jina lake lilikuwa limehifadhiwa katika orodha, ndiyo maana thamani yake ilijulikana mara moja. Kitu kisichoandikwa popote, nani atakitafuta? Rudi Blesh na Harriet Janis walilijua jambo hilo. Kitabu chao cha mwaka 1950, They All Played Ragtime, kina orodha za nyimbo na magombo.

Basi vijana, msidharau orodha kuukuu iliyojaa vumbi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na muziki nao ni mali.