Zuzi Magnaud na mukate wa Château-Thierry



Kila mutu aliyesimama mbele ya zuzi anajua woga ile. Sheria iko ndani ya kitabu, zuzi anakifungua, na wewe unangoja usikie kama utarudi kwako ao utalala buloko. Wengi wetu tunawaza kama kitabu kinasema chenyewe, zuzi anakiazima kinywa tu. Lakini chukua kifungu kimoja, uwape mazuzi wawili: utaona wanakata maneno namna mbili. Nani amesoma vizuri? Na sisi ambao hatukufika iniversite, tutajua je? Juu ya ile, leo tunasimulia maisha ya zuzi mumoja wa Ufaransa, ambaye jina lake lilipita mipaka ya inchi yake sababu ya mukate mumoja. Anaitwa Paul Magnaud.

Alizaliwa mwaka wa 1848 kule Bergerac, kusini-magharibi ya Ufaransa. Alisoma sheria, akaingia kazi ya tribinali, akapanda pole pole kama wengine. Mwaka wa 1887 alipewa ukubwa wa tribinali ya Château-Thierry, muji mudogo kando ya muto Marne, upande wa mashariki ya Paris. Zaidi ya miaka kumi alikata pale maneno ya kila siku ya muji mudogo, bila kelele.

Mbele ya kuendelea, tuseme kidogo namna mazuzi wa wakati ule walifundishwa. Ufaransa ilikuwa na Kode Sivile tangu mwaka wa 1804, wakati wa Napoléon. Karibu karne nzima waalimu wakubwa wa sheria walifundisha kama yote iko ndani ya maandiko. Neno likiwa wazi, lifuate. Likiwa na giza, tafuta yule aliyeandika sheria alitaka nini. Zuzi asiongeze kitu, asipunguze kitu. Lakini Kode yenyewe iliweka mazuzi katikati ya miti mbili. Kifungu cha 4 kinasema kama zuzi anayekataa kukata maneno, kwa kusema sheria imenyamaza ao haieleweki, anaweza kushitakiwa yeye mwenyewe. Kifungu cha 5 kinamukataza kuweka amri ya kufuatwa na watu wote, sababu ile ni kazi ya wenye kutunga sheria. Kunyamaza hawezi, kutunga sheria hawezi. Katikati pale njo kazi yake yote iko.

Sasa tufike siku ya mukate. Ilikuwa tarehe 4 mwezi wa tatu, mwaka wa 1898. Mbele ya Magnaud na mazuzi wenzake walimuleta musichana mumoja wa fasi ya Charly, Louise Ménard. Alikuwa na mutoto wa miaka miwili, na hakuna mutu aliyemusaidia kumulea. Alikaa pamoja na mama yake. Kazi alitafuta, hakupata. Watu wa kwao walimujua kuwa mutu wa bidii na mama muzuri. Ofisi ya kusaidia maskini iliwapa kila wiki mukate wa kilo tatu na nyama ya kilo moja, kwa vinywa vitatu. Ile siku chakula kilikuwa kimeisha tangu saa 36. Yeye na mama yake hawakukula kitu, maziwa kidogo yaliyobaki waliachia mutoto. Louise akapita ku bulanjeri, akachukua mukate mumoja. Hakukana. Aliomba musamaha, akasema atalipa mara tu atakapopata kazi.

Wachimbaji wengi wanaelewa hii habari bila kuelezwa. Ni mama gani kati yetu hajakaa mwisho wa mwezi akiangalia sufuria tupu? Lakini tusikimbie. Mwenye bulanjeri naye alikuwa na haki yake. Kama kila mwenye njaa anaachiliwa, nani atapika mikate kesho? Kwa hiyo zuzi hakuweza kusema tu kama moyo wake umeumia. Ilimupasa kupita ndani ya sheria.

Alikuwa na njia nyepesi. Kode Penale ya wakati ule, kifungu cha 463, iliruhusu kupunguza azabu kwa sababu za huruma. Na tangu mwaka wa 1891 sheria ingine iliruhusu azabu ya kungojesha: unahukumiwa, lakini hauingii buloko kama haurudilie kosa. Magnaud angeweza kumupa siku chache za kungojesha, na kila mutu angerudi kwake. Hakupenda, sababu hata azabu ndogo ya namna ile inabaki kusema kama huyu mama ni mwizi, na lile jina lingemufuata kila fasi anapoomba kazi.

Akarudi kwa maana ya neno lenyewe, wizi. Kifungu cha 379 cha wakati ule kiliita wizi kuchukua kitu cha mwenzako kwa nia ya udanganyifu. Kuchukua peke yake haitoshi, lazima nia ile iwe. Magnaud akaeleza kama njaa kali inaweza kumupokonya mutu sehemu ya uhuru wake wa kuchagua, na kuzimisha ndani yake maarifa ya mema na mabaya. Na mama anayeogopa kuona mutoto wake akiteseka anasukumwa zaidi. Kwa hiyo nia ya udanganyifu, ile ya mutu anayeamua kwa uhuru wake, haikuonekana hapa. Nyuma ya maelezo yale wanasheria waliona pia kifungu cha 64, kilichosema hakuna kosa kama mutu alisukumwa na nguvu asiyoweza kuipinga. Magnaud akaongeza neno lililochoma wakubwa: ni haya kwa inchi yenye utaratibu kuona mama akikosa mukate bila kosa lake, na mbele ya hali kama ile zuzi anaweza, tena inamupasa, kusoma sheria ngumu kwa namna ya kibinadamu. Louise akaachiliwa.

Prokirere akaenda apeli. Tarehe 22 mwezi wa ine, tribinali ya apeli ya Amiens ikasema vilevile: aachiliwe. Lakini muangalie vizuri, wasomaji, sababu pale njo fundo la hii habari yote. Amiens ilikubali mwisho wa hukumu, ikaondoa sababu zake. Mazuzi wa Amiens hawakutaka kusikia habari ya inchi yenye haya wala ya kusoma kibinadamu. Walisema tu kama katika hali hii ya pekee, nia ya udanganyifu haikuhakikishwa, na shaka inamufaidia mushitakiwa. Kwa Louise ilikuwa sawasawa, alirudi kwa mutoto wake. Lakini kwa mama mwingine, wa kesho, haikuwa sawa hata kidogo. Sababu za Magnaud zingefungua mulango kwa kila mutu aliyebanwa na njaa. Sababu za Amiens zilifungua dirisha mara moja, zikalifunga tena.

Georges Clemenceau, ambaye alikuwa akiandika katika gazeti L'Aurore, alisifu hukumu ile, na Magnaud akabakia na jina la Zuzi Muzuri. Mwandishi Henry Leyret alikusanya hukumu zake ndani ya kitabu mwaka wa 1900, na kitabu cha pili kikafuata mwaka wa 1903. Ndani yake kuna kijana mwombaji aliyeachiliwa, kuna wanawake waliodanganywa na wanaume wakaachwa, kuna wafanya kazi walioumia. Maskini walimupenda. Wengine walimwita mutu wa kuharibu utaratibu. Hukumu zake zingine zilivunjwa kule Amiens. Mwaka wa 1906 watu wa Paris walimuchagua kuwa depite. Alikaa mupaka mwaka wa 1910, kiisha akarudi kwa kazi yake ya zuzi, mara hii katika tribinali ya Paris, mupaka mwaka wa 1918. Alikufa mwaka wa 1926.

Mutu aliyemupinga kwa akili zaidi hakuwa tajiri wala rafiki ya matajiri. Ni profesere wa Nancy, François Gény. Mwaka wa 1899, mwaka mumoja tu kiisha ile ya mukate, Gény alitoa kitabu kikubwa juu ya namna ya kusoma sheria. Yeye pia alichoka na waalimu waliosema yote iko ndani ya maandiko. Alifundisha kama sheria iliyoandikwa haiwezi kuona kila kitu mbele. Penye sheria imesema, fuata. Penye imenyamaza, angalia desturi. Kama desturi nayo haiko, zuzi atafute kwa uhuru, lakini kwa kufuata mambo yanayoonekana: hali ya vitu, mahitaji ya watu, haki. Wengi walizani huyu atakuwa ndugu ya Magnaud. Hapana. Katika chapa ya pili, mwaka wa 1919, Gény aliweka sura nzima juu yake, akamuona kama jambo la kupita. Kwake Magnaud alihukumu kwa moyo wake mwenyewe. Na kama zuzi wa leo anahukumu kwa moyo muzuri, nani atatuchunga na zuzi wa kesho mwenye moyo mubaya?

Swali lile ni zito, hatutaki kulipita mbio. Sisi wenyewe tunapenda zuzi wa huruma siku tunashitakiwa, na tunapenda zuzi wa kufuata kitabu siku tumeibiwa.

Muone hukumu ingine ya wakati uleule, inayogusa wafanya kazi zaidi. Mekanisie mumoja aliuawa mashine ya mvuke ilipopasuka ndani ya mashua iliyokuwa ikikokota zingine. Kwa desturi ya zamani, mujane alipaswa kuhakikisha kosa la patro. Namna gani mujane atahakikisha kosa lililofichwa ndani ya chuma? Tarehe 16 mwezi wa sita, 1896, tribinali kubwa ya Kasasio ilishika kifungu cha 1384 cha Kode Sivile, chenye kusema kama mutu anajibu pia kwa ajili ya vitu anavyovichunga. Kwa miaka zaidi ya 90 watu walipita juu ya maneno yale kama hayana uzito. Kasasio ikayapa uzito: mwenye mashine anajibu, hata kama kosa lilikuwa la waliomutengenezea, hata kama halikuonekana. Na tarehe 9 mwezi wa ine 1898, mwezi mumoja kiisha ile ya mukate, Ufaransa ikatunga sheria ya kulipa wafanya kazi wanaoumia kazini bila kuwauliza wahakikishe kosa. Migodi iliandikwa ndani yake kwa jina.

Pale pia mazuzi walisoma upya sheria ya zamani, na maskini walisaidiwa. Lakini walionyesha njia: neno hili, katika kifungu hiki, linabeba maana hii. Zuzi mwingine aliweza kufuata njia ileile, na wengi waliifuata. Magnaud naye alianza vizuri, kwa neno la nia ya udanganyifu. Angeishia pale, pengine Amiens ingeacha sababu zake. Lakini tumupe haki yake. Kama angenyamaza, nani angesema wazi kama njaa ni nguvu? Leo Kode Penale ya Ufaransa, iliyoanza kutumika mwaka wa 1994, inasema katika kifungu cha 122-7 kama mutu hahukumiwi akifanya kitendo cha lazima ili kuokoa mutu ao kitu mbele ya hatari iliyo karibu, kama hakupita kipimo. Njia ilichukua karibu miaka mia moja. Magnaud hakuiona.

Kwetu Congo hii si habari ya mbali. Sheria zetu za raia zilitoka katika jamaa ileile. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, katika kifungu cha 260, ina maneno yale ya vitu tunavyovichunga. Mbele yake, ordonansi ya tarehe 14 mwezi wa tano 1886 ilikwisha kusema kama pasipo sheria iliyoandikwa, zuzi anafuata desturi za fasi, kanuni kubwa za sheria, na haki ya kawaida. Mlango wa kusoma kibinadamu uko, tena wa zamani. Na Katiba yetu, kifungu cha 21, inaamuru kama kila hukumu iandikwe na itoe sababu zake.

Ndugu, wengi tunatoka tribinali tukiuliza paka kitu kimoja: tumeshinda ao tumeshindwa? Tangu leo tuulize na kile cha pili: juu ya nini? Muombe karatasi ya hukumu, mutafute mutu wa kuwasomea zile sababu, hata siku mumeshinda. Ukishinda kwa sababu zisizo na mguu, katika apeli utaona namna zinaanguka. Ukishindwa, ndani ya zile sababu njo avoka wako atatafuta fasi ya kuanzia.