Sayidi Majid na Mji Wake wa Amani

Wako watu wanaosafiri mbali, hata nchi ya Ufaransa, ili kutazama makanisa ya kale, na ngome za wafalme, na vijiji vya mawe vilivyojengwa karne nyingi zilizopita. Safari hiyo si mbaya kwa mwenye nauli. Lakini wengi wetu tukaao Dar es Salaam twapita mbele ya nyumba za kale za mji wetu wenyewe bila kuinua macho. Mtu atokaye katika soko la Kariakoo, akapita Mnazi Mmoja, akateremka mpaka pale barabara ya Morogoro inapoishia karibu na bahari, ataiona nyumba moja yenye kuta nene na mlango wa nakshi. Hiyo ndiyo iitwayo Boma la Kale. Wengi hudhani kwamba ni kazi ya Wajerumani, lakini sivyo. Ilijengwa katika miaka ya 1866 na 1867 kwa amri ya Sayidi Majid bin Said, Sultani wa Unguja, na habari za maisha yake ndizo nitakazozieleza hapa.

Baba yake alikuwa Sayidi Said bin Sultan, yule aliyetoka Maskati akaifanya Unguja kuwa makao yake, akaleta kilimo cha karafuu kikastawi visiwani. Majid alizaliwa Unguja yapata mwaka 1834. Mama yake alikuwa suria, mwanamke wa kabila la Wacherkasi wa nchi za kaskazini, lakini kwa sheria ya Waislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni mtu huru, naye hurithi kama ndugu zake. Watoto wa Sayidi Said walikuwa wengi mno, nao walikaa katika nyumba mbalimbali, kila mmoja na mama yake na watumishi wake. Basi ni rahisi kufahamu jinsi wivu ulivyokua miongoni mwao.

Majid hakuwa mtu wa mwili wenye nguvu. Tangu ujana wake alishikwa na kifafa, hata ikawa lazima awe na mtu wa kumwangalia daima. Habari hii twaipata kwa dada yake, Seyyida Salme, aliyekaa pamoja na mama yake katika nyumba ya Majid alipokuwa msichana. Kaka yake alimpenda, akamfundisha kupanda farasi, na kutumia upanga na bunduki, mambo ambayo wasichana wa nyumba ile hawakuzoea kufundishwa. Namtaja Salme kwa sababu atarudi katika hadithi hii, na kwa huzuni.

Mwaka 1854 akafa Khalid, ndugu mkubwa ambaye baba yao alikuwa amemwachia kutawala Unguja, na Majid akawekwa mahali pake. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Oktoba 1856, Sayidi Said mwenyewe akafa baharini, akiwa njiani kurudi kutoka Omani. Barghash, ndugu mdogo, alikuwamo merikebuni. Akaileta maiti ya baba yake, akaizika usiku kwa siri, akajaribu kuutwaa utawala kabla watu hawajapata habari. Hakufaulu. Majid akaketi katika kiti cha Unguja, na ndugu yao Thuwaini akashika Omani.

Walakini amani haikuwapo. Thuwaini alidai kwamba milki yote ni yake. Majid alikubali kumpelekea riale 40,000 kila mwaka, kisha akaacha, na mwaka 1859 Thuwaini akatengeneza merikebu za vita kuja kumpiga. Waingereza wakamzuia njiani. Mwaka ule ule Barghash akaasi hapo Unguja, akisaidiwa na Waarabu wa kabila la Harthi, akajifungia katika nyumba ya shamba pamoja na wafuasi wake. Naye Salme, akiwa bado msichana, akashawishiwa kumsaidia Barghash, na kwa kuwa alikuwa amejifunza kuandika, akawa mwandishi wa barua za waasi. Fitina ile ilikomeshwa kwa msaada wa askari wa Kiingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Uhindi kwa Waingereza, akatoa hukumu kwamba Unguja na Omani ziwe nchi mbili mbalimbali, na Unguja ilipe zile riale 40,000 kila mwaka.

Tazameni basi hali ya mtu huyu. Ni mgonjwa. Ndugu zake wawili wametaka kumwondoa. Kiti chake kimesimama kwa nguvu za wageni, na wakuu wa Kiarabu wa Unguja wanalijua jambo hilo. Hata tukikosa barua yake ya kueleza moyo wake, si ajabu kwamba alitafuta mahali pengine pa kukaa.

Upande wa bara, kusini ya Bagamoyo, palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, Washomvi na Wazaramo. Karibu nacho bahari huingia ndani kwa mlango mwembamba, kisha hupanuka kuwa bandari yenye kina, ambamo merikebu hutulia hata pepo zikivuma kwa nguvu. Bagamoyo hapakuwa na bandari ya namna hii, maana merikebu kubwa zilitia nanga mbali, na mizigo ikachukuliwa kwa mashua. Mwaka 1862 Majid alipachagua mahali hapa. Nia yake ilikuwa kujenga mji utakaovuta misafara ya pembe kutoka bara, mji usio na fitina za Unguja, tena ulio karibu na kisiwa chake. Akapatana na majumbe wa nchi, na kuanzia mwaka 1865 kazi ya ujenzi ikaendelea kwa bidii. Mji akauita Dar es Salaam. Wengine husema maana yake ni nyumba ya amani, wengine husema asili yake ni bandari ya salama. Kwangu mimi naona maneno yote mawili yalimfaa Majid, kwa kuwa amani na salama ndivyo alivyovikosa.

Jinsi walivyojenga yaweza kuonekana hata leo katika Boma la Kale. Mawe ni ya matumbawe yaliyochimbwa pwani. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya kuni. Boriti za dari ni za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko haupatikani kwa urefu mkubwa, vyumba vya nyumba za namna hii huwa virefu lakini vyembamba. Kuta ni nene, na ndani hubaki baridi wakati wa jua kali. Nyumba hii ilikusudiwa kwa wageni wa Sultani. Jumba lake mwenyewe lilikuwa karibu, lakini leo halipo tena.

Sasa sharti niseme jambo ambalo wasifu wa wafalme mara nyingi huliacha. Mji huu wa amani ulitegemea jasho la watumwa. Majid alipanda mashamba ya minazi kuuzunguka mji, nayo yalilimwa na watumwa walioletwa kwa kazi hiyo. Siku zile maelfu ya watu walipitishwa kila mwaka katika forodha ya Unguja, na ushuru wao uliingia katika hazina ya Sultani. Ni kweli kwamba Waingereza walipomsukuma, alitoa amri ya kukataza kuwasafirisha kwa bahari katika miezi kadhaa ya mwaka. Lakini soko la watumwa pale Mkunazini liliendelea katika siku zote za utawala wake. Likafungwa mwaka 1873, yeye akiwa amekwisha kufa. Msomaji atakayefika Unguja na aende akalitazame kanisa kuu la Waanglikana, ambalo Askofu Steere alilijenga juu ya kiwanja kile kile.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, pamoja na Steere, Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni ile. Mmoja wao, John Swedi, baadaye akawa shemasi. Kadhalika mapadre wa Kifaransa walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 wakaanza kazi Bagamoyo, yote katika siku za Majid. Hatuwezi kusema kwamba aliipenda Injili. Alikuwa Mwislamu, naye alihitaji urafiki wa Wazungu. Lakini mlango hakuufunga. Mtu yule yule aliyepokea ushuru wa watumwa aliwatoa wale watoto watano, na sioni njia ya kulifuta moja kati ya mambo haya mawili ili lingine libaki peke yake.

Mwaka 1866, wakati kuta za mji mpya zilipokuwa zikiinuka, Salme alitoroka Unguja katika merikebu ya Kiingereza. Alikuwa amempenda mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, naye alikuwa na mimba. Kwa nyumba ya kifalme aibu hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mwaka 1867 akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, akaenda Ujerumani. Hakumwona tena Majid. Hata hivyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1886, alimwandika kaka yake kwa upendo kuliko alivyomwandika Barghash, ambaye kwa ajili yake alikuwa amemwasi.

Mwezi wa Septemba 1867 Majid alifanya karamu kubwa Dar es Salaam, akawaalika mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu walianza kuja na kufungua maduka. Lakini mji ulikuwa bado mchanga. Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua watu wengi sana, na tarehe 7 Oktoba 1870 Majid mwenyewe akafa, umri wake ukiwa yapata miaka 36. Hakuacha mwana wa kiume. Alimwacha binti mmoja, Khanfora, aliyeolewa na Hamoud bin Mohammed. Huyo Hamoud akawa Sultani mwaka 1896, na mwaka uliofuata ndiye aliyetia sahihi amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba.

Barghash akarithi, wala hakutaka kuendeleza kazi ya ndugu yake. Biashara ikabaki Bagamoyo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam ziliachwa, dari zikaanguka, miti ikaota vyumbani. Wazaramo wakaendelea kulima na kuvua kama zamani. Mwaka 1887 Wajerumani wakafika, na mwaka 1891 wakauhamisha mji mkuu wao kutoka Bagamoyo kuja hapa, kwa sababu ile ile iliyomvuta Majid, yaani bandari. Wakakaa kwanza katika nyumba zake, kisha wakajenga za kwao. Kanisa letu la Azania Front, lenye mnara unaotazama bahari, lilijengwa kati ya 1898 na 1902, na kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki ni la miaka ile ile. Karibu nalo ipo nyumba ya Mapadre Weupe, iitwayo Atiman, ambayo nayo asili yake ni ya siku za Majid.

Boma la Kale limetumiwa kwa kazi nyingi tangu wakati ule. Kwa miaka ya karibuni limetengenezwa upya, na ndani yake yamewekwa maonyesho ya majengo ya mji. Mwenye kwenda na aende asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, aanze na ule mlango wa nakshi, kisha apande juu mahali bandari inapoonekana.