Joaquín Albarrán, daktari aliyeikomboa mirija ya mkojo

Leo tunamkumbuka Joaquín Albarrán, mzaliwa wa Sagua la Grande, Cuba, mwaka 1860, aliyekuja kuwa daktari bingwa wa upasuaji katika Hospitali ya Necker, Paris. Mwaka 1905 alieleza ugonjwa ambao tishu ngumu kama kovu huota nyuma ya tumbo na kuibana mirija inayopeleka mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Mkojo ukikwama, figo huvimba, na ikicheleweshwa hufa. Albarrán alipasua na kuibandua mirija kutoka kwenye kovu hilo. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1912. Ugonjwa ulijulikana zaidi mwaka 1948 kupitia John Ormond wa Marekani, lakini tukumbuke: upasuaji huo bado unaokoa figo.