Sam Ntiro: Mchoraji aliyeifikisha Machame New York

MWAKA 1960 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, Marekani, yaliingiza katika hazina yake picha ya rangi za mafuta iliyochorwa mwaka 1956 na Mtanganyika. Picha hiyo inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Aliyeichora ni Sam Ntiro, mwana wa Machame, Kilimanjaro.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Katika miaka ya 1940 alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Kampala, chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo hayo chuoni hapo. Baadaye alibaki Makerere akiwa mwalimu, na miaka ya 1950 akajiendeleza katika shule ya sanaa ya Slade, London.

Pamoja na elimu hiyo ya Ulaya, hakuacha namna yake ya kuchora. Katika picha zake vilima hupandana, migomba hujipanga safu kwa safu, na watu ni wadogo, wakilima, wakivuna au wakibeba mizigo kwa pamoja. Wapo wahakiki walioiona kazi hiyo kuwa ya kitoto, kana kwamba mwenyewe hakufundishwa kanuni za umbali na kivuli. Ukweli ni kwamba alizijua, lakini hakuona sababu ya kuitazama Machame kwa macho ya kuazima.

Kudharauliwa kwa namna hiyo si jambo geni katika historia ya sanaa. Mwaka 1874 jijini Paris, Mfaransa Claude Monet alionyesha picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, iitwayo Impression, soleil levant. Mhakiki mmoja aliikejeli kuwa haijakamilika, na kutokana na kejeli hiyo likapatikana jina la Waimpreshonisti, ambao leo wanaheshimiwa duniani kote.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro aliteuliwa kuwa Balozi wake nchini Uingereza. Aliporejea nyumbani alishika wadhifa wa Kamishna wa Utamaduni, na akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 1993.

Urithi wake hauihusu Kilimanjaro peke yake. Mkoani Shinyanga, almasi ya Mwadui imechimbwa tangu miaka ya 1940. Huko Geita, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katika ukanda huo kilima chaweza kugeuka shimo ndani ya umri wa mtu mmoja. Ramani za wapimaji zitabaki na mipaka ya ardhi. Lakini namna watu walivyolima, walivyochunga na walivyosindikiza harusi juu ya ardhi hiyo itahitaji mchoraji wa huko huko, atakayeichora kama aionavyo, kabla haijabadilika.