Roger Williams Atafuta Pa Kukaa

Roger Williams alifika Boston mwezi wa Februari 1631, kijana wa Kiingereza aliyesoma Cambridge, pamoja na mkewe Mary. Siku hizo Virginia ilikuwa ni ya mwenye kutaka utajiri wa tumbaku. Plymouth na Massachusetts, huko kaskazini, ndiko walikohajiri Wapuritani kwa ajili ya dini yao. Williams alikuwa kasisi, basi akaichagua Massachusetts, na kanisa la Boston likampa kazi mara moja.

Akaikataa! Alisema kanisa hilo halijajitenga na Kanisa la Uingereza. Tena alishikilia kwamba hakimu hana haki ya kumwadhibu mtu kwa yaliyo baina yake na Mola wake. Akaenda Salem, akahamia Plymouth, akarejea Salem mwaka 1633. Huko nako hakunyamaza. Akadai kuwa Mfalme wa Uingereza hana ardhi ya kugawa Amerika, kwani wenyewe ni wenyeji waliokutwa pale.

Oktoba 1635 mahakama ya Massachusetts ikaamua afukuzwe. Ilipotaka kumpakia merikebuni arudishwe kwao, Januari 1636, alikwisha kutoroka. Alitembea katika theluji, baridi ambayo sisi watu wa pwani twaisikia tu. Wenyeji wa Wampanoag wakamsitiri. Alikuwa amejifunza lugha yao, na nadhani hilo lilimfaa siku ile kuliko elimu yote ya Cambridge.

Kulipopambazuka majira ya joto kidogo akaanza kulima mahali paitwapo Seekonk. Mara ikaja barua ya Plymouth kwamba yumo ndani ya mipaka yao, nao hawapendi kuwaudhi jirani zao wa Massachusetts. Afadhali avuke maji. Akavuka. Wakuu wa Narragansett, Canonicus na Miantonomi, wakampa ardhi, naye akapaita Providence, yaani majaaliwa ya Mungu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza koloni ya Rhode Island. Serikali yake haikumuuliza mtu anaabudu vipi. Wakaja Waquaker waliokuwa wakichapwa mijeledi Boston, wakaja na Wayahudi. Williams hakuwapenda Waquaker hata kidogo. Mwaka 1672 alibishana nao hadharani siku kadhaa, lakini hakuwafukuza. Katika kitabu chake cha mwaka 1644 aliwataja hata Waislamu, ambao Waingereza wakati huo waliwaita Waturuki, kuwa nao waachiwe dini yao. Bunge la Uingereza likaamuru kitabu kichomwe moto.

Uzee wake haukuwa mwema. Vita baina ya walowezi na wenyeji vilizuka mwaka 1675, na Machi 1676 Providence ikateketezwa, nyumba yake ikiwamo. Baada ya hapo, yeye aliyewatetea wenyeji miaka arubaini alikaa katika kamati iliyowauza mateka wao katika utumwa wa miaka. Wanaomsifu hupenda kuliruka jambo hilo.

Alifariki mwaka 1683. Massachusetts iliifuta hukumu ya kumfukuza mwaka 1936.