Thomas Risley Odhiambo na Harufu Imwitayo Mbu

Marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa mnamo Februari 4, 1931. Alisomea Maseno, kisha Makerere, akafanya kazi ya kilimo nchini Uganda kabla ya kwenda Cambridge, Uingereza. Huko alipata shahada ya uzamifu mwaka 1965 kwa utafiti kuhusu uzazi wa nzige wa jangwani.

Angeweza kubaki ng'ambo. Alirejea Nairobi, na mwaka 1967 jarida la Science la Marekani likachapisha makala yake kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Humo alipendekeza vituo vichache vya utafiti vyenye hadhi ya juu, vijengwe hapa hapa, ili Mwafrika aliyesoma asilazimike kuhama ndipo afanye kazi ya maana. Pendekezo hilo lilizaa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, yaani ICIPE, mwaka 1970. Alikiongoza hadi 1994.

Zama hizo dawa za sumu ndizo zilizotegemewa mno. Odhiambo alishika njia nyingine: mdudu ajulikane kwanza, jinsi anavyozaana, anavyosikia na, zaidi ya yote, anavyonusa. Tunda moja la njia hiyo lilionekana Nguruman, karibu na Magadi, katika miaka ya 1980. Watafiti wa ICIPE, wakishirikiana na wafugaji wa Kimaasai, walitega mbung'o kwa mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, chambo chake kikiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Kitu ambacho mfugaji hukikanyaga kila asubuhi zizini kiligeuka silaha ya kulinda mifugo yake.

Mbu naye ni mtumwa wa pua, ijapokuwa pua yenyewe ni vipapasio na viungo vidogo vilivyo kando ya mdomo wake. Mbu jike huhisi kabonidioksidi itokayo katika pumzi zetu, kisha hufuata amonia, asidi ya laktiki na kemikali nyinginezo za ngozi na jasho. Kati ya mwaka 2012 na 2015, ICIPE na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi walitumia mchanganyiko wa aina hiyo katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria. Mtego ulioning'inizwa nje ya nyumba ulinukia kama binadamu, na feni yake iliendeshwa kwa umeme wa jua. Uliitwa Suna, neno la Kidholuo lenye maana ya mbu. Wanaodai kwamba lugha zetu haziwezi kubeba sayansi na walitafakari jina hilo. Mbu aina ya Anopheles funestus walipungua kwa asilimia 69, na malaria ikawa chini kwa takriban asilimia 30 kuliko katika nyumba zilizokuwa bado zikisubiri mitego, ingawa zote zilikuwa na vyandarua.

Odhiambo hakuyaona hayo. Alikuwa ameasisi Chuo cha Sayansi cha Afrika mwaka 1985 na kutuzwa Tuzo ya Afrika ya Uongozi mwaka 1987, akafariki Nairobi mnamo Mei 26, 2003. Kituo cha ICIPE kilichoko Mbita, mkabala na Rusinga, sasa kinaitwa kwa jina lake.