Bertil Lindblad: mzee aliyekosea mwelekeo lakini akapatia wimbi

Wadau, zile picha za galaksi zenye mikono iliyojipinda kila mtu kaziona. Leo tumwongelee mzee mmoja wa Uswidi aliyeumiza kichwa nazo maisha yake yote.

Bertil Lindblad alizaliwa 1895 mjini Örebro, akasoma Uppsala, na 1927 akakabidhiwa kituo cha kuangalia nyota cha Stockholm. Umri miaka 31 tu! Miaka hiyo hiyo alitoa hoja kwamba galaksi yetu inazunguka, na nyota za ndani zinamaliza mzunguko mapema kuliko za nje. Mwaka 1927 Jan Oort wa Uholanzi akapima, akakuta ni kweli.

Sasa balaa likaanzia hapo. Kama ndani kunawahi na nje kunachelewa, mikono si ingejiviringisha kama uzi kwenye kijiti mpaka ipotee? Mbona bado tunaiona? Lindblad akasema mkono si kundi la nyota zilezile, ni kama wimbi linaloshikiliwa na mvutano. Nyota zinaingia, zinatoka, wimbi linabaki.

Ila mzee alikuwa mbishi. Alishikilia kwamba ncha za mikono zinatangulia mbele ya mzunguko. Hubble na picha zake akaonyesha zinaburuzwa nyuma. Lindblad hakukubali, miaka ikapita, na nadhani ubishi huo ndio ulifanya wengi wasimsikilize hata alipokuwa sahihi.

Mwaka 1964 C. C. Lin na Frank Shu, kule Marekani, wakaliweka wazo la wimbi kwenye hesabu safi. Juni 1965 Lindblad akafariki.

Utamu wenyewe ukaja 1969. W. W. Roberts alipiga hesabu ya gesi. Fikiria tuta barabarani: magari yanapunguza mwendo, yanabanana, yakivuka yanaachana, tuta liko palepale. Nyota zinapita bila kugusana, ziko mbalimbali mno. Gesi haina ujanja huo. Inaingia kwenye mkono kwa kasi kuliko sauti inavyosafiri ndani yake, inagonga, inabanwa ghafla. Ndiyo maana galaksi kama M51 zina mstari mweusi wa vumbi upande wa ndani wa mkono, halafu mbele yake kidogo nyota changa za bluu, zilizozaliwa na gesi ileile iliyobanwa.

Kumbe wimbi la mzee lilikuwa linazalisha nyota. Alikuwa kaburini miaka minne.